Lugha ya wodini ifundishwe na itahiniwe

Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji vya wilaya ya Bagamoyo kuhusu majina ambayo wananchi huyapa magonjwa ya homa. Watafiti walitaka kujua mama wa pale akisema mtoto wake ana homa ana maana gani hasa, kwa kuwa mradi wa kupambana na malaria ulikuwa ukiandaliwa na haukuweza kuzungumza na watu bila kujua wanaelewa nini. Walichokikuta kilipaswa kubadili namna tunavyowaandaa watumishi wa afya. Kwa wanavijiji wengi, homa ya malaria ilikuwa homa ya kawaida, inaletwa na mbu na dawa yake ni vidonge vya hospitali. Degedege lilikuwa jambo jingine kabisa. Mtoto aliyekakamaa na kugeuza macho hakuhesabiwa kuwa mgonjwa wa malaria. Wengi waliihusisha hali hiyo na shetani, wakampeleka kwa mganga wa kienyeji kwanza, na walikuwapo walioamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Mganga wa zahanati, kwa upande wake, alijua kwamba mara nyingi kinachomkakamaza mtoto wa namna hiyo ni malaria iliyokuwa kali, na kwamba kila saa inayopita bila dawa inamsogeza karibu na kifo. Mama na mtumishi wa afya walizungumza Kiswahili, tena Kiswahili cha pwani, na bado hawakuwa wakizungumzia ugonjwa mmoja.

Mjadala wetu kuhusu Kiswahili na tiba kwa kawaida huanzia kwenye istilahi. Tunaulizana kama lugha yetu ina jina la chombo hiki, la kimeng'enya kile, la upasuaji ule. Swali hilo ni halali, lakini Bagamoyo inaonyesha kwamba maneno yanaweza kuwapo, yakajulikana na kila mtu, na mtoto akafa kwa sababu hakuna aliyesomea maana ambayo mgonjwa anayapa maneno hayo. Hoja yangu ni kwamba lugha ya tiba ni taaluma kamili, yenye maarifa yake na stadi zake, na kwamba vyuo vyetu vya afya vinapaswa kuifundisha na kuitahini kama vinavyotahini anatomia. Hoja hiyo inawahusu vilevile wahitimu wa Kiswahili, kwa maana mahali ambapo taaluma hii imepewa hadhi yake imezaa ajira za kudumu. Na masomo yake yaanzie kwenye kinywa cha mgonjwa, kisha yaende kwenye kamusi.

Kazi ya kamusi imefanyika na inastahili heshima. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Ugonjwa wa korona ulipoingia, barakoa na vitakasa mikono vilienea nchi nzima kwa muda mfupi, na ugonjwa wenyewe ukapewa jina la UVIKO-19. Julai 2022, wananchi wa Ruangwa mkoani Lindi walipoanza kuugua homa na kutokwa damu puani, Wizara ya Afya haikuwaachia jina la maabara peke yake; iliutangaza kuwa Homa ya Mgunda, jina lenye neno la shamba linaloeleweka kusini. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo zimepata jina ambalo mgonjwa analitamka bila kigugumizi na linamweleza dawa inafanya kazi gani. Lugha yetu, basi, haishindwi kuitaja tiba. Ila maneno haya yote yamesafiri kutoka juu kwenda chini, kutoka ofisini kwenda kijijini. Njia ya pili, ya kumwelewa mgonjwa anapoeleza mwili wake kwa maneno aliyokua nayo, hatujaipa darasa.

Chukua presha. Hakuna asiyelijua neno hilo; linajulikana kuliko hata shinikizo la damu. Lakini katika mazungumzo ya kila siku presha ni maradhi, na pia ni hali ya saa ile: leo imepanda, leo imeshuka, habari hizi zimenipa presha. Mgonjwa anayeielewa hivyo akipewa vidonge vya kumeza kila siku maishani, ana sababu nzuri kabisa ya kuvimeza siku ile tu anayosikia moyo unakwenda mbio au kichwa kinagonga. Siku nyingine anajiona mzima, na mtu mzima hamezi dawa. Shinikizo la juu la damu halina desturi ya kujitangaza kwa dalili. Linaharibu figo na mishipa ya ubongo kimyakimya. Mgonjwa huyo atapooza upande mmoja akiwa na pakiti ya dawa nyumbani, na faili lake litasema alikuwa mkaidi wa dawa. Hakuwa mkaidi. Alifuata sawasawa maana ya neno alilopewa, na aliyempa hakumuuliza analielewaje.

Mifano ya aina hiyo imejaa. Vidonda vya tumbo vimekuwa jina la kila kinachochoma chini ya chembe ya moyo, na kwa mzee mwenye kisukari kinachochoma pale chaweza kuwa moyo wenyewe. Kichomi hutajwa kwa mkazo wa misuli, na hutajwa pia kwa homa ya mapafu. Tezi dume ni kiungo alichonacho kila mwanamume tangu kuzaliwa, ila mtaani mtu husemwa kuwa ana tezi dume kama anavyosemwa kuwa ana kaswende, hata wanaume wakakimbia kipimo wakidhani kwenda kupima ni kukiri ugonjwa wa aibu. Akina mama wana chango, jina linalokusanya maumivu ya hedhi, maambukizi ya mirija ya uzazi, uvimbe wa mji wa mimba na ugumba, na kila moja kati ya hayo lina tiba yake. Linalonisumbua zaidi ni kifafa cha mimba. Hali hii ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo vya wajawazito Tanzania, na chanzo chake kimeambatana na shinikizo la damu linalopanda wakati wa ujauzito. Jina lake limeazimwa kutoka kifafa, ugonjwa ambao familia nyingi zinauhusisha na kurithi, laana au mapepo. Muuguzi anayetamka kifafa cha mimba mbele ya mkwe wa mjamzito bila kueleza zaidi anaweza kuwa amefungua mlango wa kwenda kwa mganga, na mjamzito huyo alihitaji sindano ya magnesiamu na kitanda cha hospitali.

Haya si mambo ya kujifunza kwa kubahatisha kazini. Tazama mwanafunzi wa udaktari anavyolelewa kwetu. Kwa miaka 5 anasoma kwa Kiingereza, anaandika mitihani kwa Kiingereza na anawasilisha mgonjwa mbele ya mwalimu wake kwa Kiingereza. Katikati ya mafunzo hayo anakaa kando ya kitanda na kumhoji mgonjwa kwa Kiswahili. Mgonjwa anasema mgongo unawaka moto, mwili umelegea, maumivu yanatembea, moyo unapaa. Mwanafunzi anatafsiri papo hapo, akiwa peke yake, bila kanuni na bila msahihishaji, kisha anaandika kwenye faili maneno mawili matatu ya kitabuni. Tofauti kati ya maumivu yanayokata, yanayovuta, yanayochoma na yanayopwita, ambayo mgonjwa ameitoa kwa uangalifu, mara nyingi inapotea hapo. Baadaye anarudi kwa mgonjwa na jibu, na safari hii ya pili ndiyo isiyoangaliwa kabisa. Katika mtihani wa vitendo mwalimu humpa maksi kwa kugundua ugonjwa na kupanga tiba. Ni nadra mtu kusikiliza kama mgonjwa ameelewa. Matokeo yake tunayaona kwenye bahasha ya dawa iliyoandikwa moja mara tatu, ambayo mwingine humaliza dozi zake tatu asubuhi, mchana na jioni, kati ya kuamka na kula chakula cha usiku, wakati dawa yenyewe ilitakiwa iachane kwa saa nane nane.

Upo ushahidi wa kutosha kwamba lugha ya tiba ikisomewa inaleta tofauti. Marekani walijifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 1980 kijana wa miaka 18 huko Florida alifikishwa hospitali akiwa hajitambui, na ndugu zake waliokuwa wakizungumza Kihispania walitumia neno ambalo kwao lilimaanisha kudhurika na kitu alichokula. Madaktari walilisikia kama neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakamtibu kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa ikivuja ndani ya kichwa chake. Alipooza mikono na miguu, na fidia iliyokubaliwa ilikadiriwa kufikia dola milioni 71 kwa maisha yake yote. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliorekodi mazungumzo 13 kati ya madaktari wa watoto na familia zinazozungumza Kihispania. Kila mazungumzo yalikuwa na wastani wa makosa 31 ya ukalimani, na asilimia 63 ya makosa yote yangeweza kumdhuru mtoto. Kundi hilohilo la watafiti lilirudi na matokeo mengine mwaka 2012, na haya ndiyo ningependa kila mkuu wa chuo cha afya ayasome. Ndugu na watu waliookotwa korido ili wafasiri walifanya makosa ya hatari kwa asilimia 22. Wakalimani wa kazi walifanya kwa asilimia 12. Wale waliokuwa wamesomea kazi hiyo kwa saa 100 au zaidi walishuka hadi asilimia 2.

Nchi hiyo sasa inazilazimisha hospitali zinazopokea fedha za serikali kumpatia mgonjwa mkalimani mwenye sifa, na kanuni za mwaka 2016 zilizuia kumtegemea mtoto kufasiri ugonjwa wa mzazi wake isipokuwa kwa dharura. Mtu anayetaka cheti cha ukalimani wa tiba lazima kwanza awe na mafunzo yasiyopungua saa 40. Jambo hili linatugusa moja kwa moja, kwa kuwa wakimbizi wa Kongo waliopokewa huko tangu muongo uliopita wamekifanya Kiswahili kuwa moja ya lugha zinazohitajika katika hospitali za miji mingi. Mkalimani wao lazima ajue ini na nyongo, ajue ridhaa ya upasuaji, na ajue kwamba mama aliyetoka Bukavu au Kigoma akiambiwa dawa ya saa mbili usiku atameza saa ile ambayo saa ya ukutani inaonyesha nane. Kosa la saa sita katika dawa ya kisukari linaweza kumlaza mtu. Mkalimani anayelipwa kwa kazi hii huko hasomi Kiswahili chake cha tiba Dodoma wala Nairobi, kwa sababu sisi wenye lugha hatujakianzisha kama somo.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni jepesi kulisema: madaktari wetu ni Waswahili, wamezaliwa na lugha hii, watafundishwa nini tena? Nimekwisha kulijibu kwa mfano wa Bagamoyo, lakini liko jambo jingine ambalo mzawa wa lugha ndiye anayelihitaji kuliko mgeni, nalo ni adabu. Kiswahili kimejenga heshima yake juu ya tafsida. Tuna haja ndogo na haja kubwa, tuna siku zake, kuingia mwezini, sehemu za siri, tendo la ndoa. Tafsida hizi zinamruhusu binti wa uuguzi mwenye umri wa miaka 23 kumhoji mzee wa rika la babu yake bila kumvunjia heshima, na sitaki zitupwe. Lakini zina mitego. Msichana asiyeolewa akiulizwa mara ya mwisho kufanya tendo la ndoa ni lini, anaweza kujibu kwa ukweli wake kwamba hajawahi. Mzee akiulizwa kama sehemu za siri zina tatizo, atasema hazina, kwa sababu anachougua ni njia ya haja kubwa. Mtumishi wa afya anatakiwa kujua lini tafsida inafungua kinywa cha mgonjwa na lini inaficha ugonjwa, na namna ya kutoka kwenye ile ya jumla kwenda kwenye neno kavu kwa kuomba radhi kwanza, kama watu wazima wanavyofanya: samahani mzee wangu, nitakuuliza jambo la ndani kidogo. Ustadi huo haupatikani kwa kuzaliwa Tanga. Unafundishika, unafanyiwa mazoezi na unapimika.

Pingamizi la pili linahusu Kiingereza. Wanaolitoa wanahofu kwamba kuingiza Kiswahili katika vyuo vya tiba kutawafungia wahitimu wetu milango ya vitabu, majarida na masomo ya ubingwa nje ya nchi. Hofu hiyo ina msingi iwapo mtu anadai mtaala mzima ugeuzwe, na mjadala wa namna hiyo una mahali pake. Hapa ninadai jambo dogo zaidi: daktari aendelee kusoma kwa Kiingereza, na kabla ya kusajiliwa athibitishe kwamba anaweza kumhudumia kwa Kiswahili mtu ambaye ndiye sababu ya yeye kusomeshwa. Mahakama zetu ziliambiwa maneno hayohayo kwa miaka mingi, kwamba sheria haiwezi kuzungumza Kiswahili, mpaka marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kenya nayo imeliandika jambo hili kwenye Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayotaka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Haki iliyoandikwa namna hiyo inahitaji watu waliofundishwa kuitimiza.

Wengine watasema Kiswahili chenyewe si lugha ya wote. Bibi wa Kisukuma huko Meatu, mfugaji wa Kimasai wa Ngorongoro, Mhadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, hawa hawatasaidiwa na Kiswahili sanifu cha Dar es Salaam. Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote, na nalikubali kwa sehemu kubwa. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri nchini Kongo, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, ulitufundisha kwa uchungu. Watu 2,287 walikufa kati ya 3,470 walioambukizwa. Mabango na matangazo mengi yaliyopelekwa kule yaliandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu, na waliofuatilia uelewa wa wananchi walikuta kwamba watu wa Beni na Goma, ambao wanajiita wasemaji wa Kiswahili, wanasema Kiswahili cha Kongo, na wengine wako huru zaidi kwa Kinande. Ujumbe uliokuwa sahihi kwa kila herufi uliwapita. Hapo ndipo ninaposisitiza kwamba somo hili likianza na kamusi litapotea. Mtu aliyefundishwa kuuliza, wewe ugonjwa huu unauitaje, na unadhani umetoka wapi, ana kitu cha kumfaa Beni, Meatu na Kariakoo. Atajua pia lini Kiswahili chake kimefika mwisho na anahitaji mkalimani, na hilo hulijua mtu aliyefundishwa tu. Viziwi wanaotumia Lugha ya Alama wana dai hilohilo, tena limecheleweshwa kuliko la wengine.

Inabaki hoja ya fedha. Nchi yenye upungufu wa madaktari, wauguzi na dawa itatoa wapi fedha za kulipa wakalimani na walimu wa lugha? Ningeshawishika kama matumizi ya mawasiliano ya afya yasingekuwapo tayari. Yapo. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwafikia wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Kenya ilizindua jeshi la wahudumu wa jamii 100,000 Septemba 2023. Kazi ya watu hawa ni nini, kama si maneno? Wanaingia nyumbani, wanauliza, wanasikiliza, wanaeleza, wanashawishi, wanarudi kuandika. Wizara ya Afya ya Tanzania ina namba 199 ya kupokea maswali ya wananchi bila malipo, na anayepokea simu hana kipimo wala kitanda, ana masikio na ulimi. Fedha zinatumika. Zinatumika kwa watu ambao hawakufundishwa kikamilifu chombo chao kikuu cha kazi.

Tena tumewahi kufanya vizuri. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, na takriban watu milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza, kusoma na kujadili namna ya kuzuia malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Vijitabu viliandikwa kwa Kiswahili rahisi. Viongozi wa vikundi walifundishwa mapema namna ya kuongoza mjadala, na baada ya mjadala watu walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Ninachokiona katika kampeni ile ni uandaaji. Kila mwenye kazi ya kusema na wananchi alifundishwa kusema nao, katika nchi iliyokuwa na madaktari wachache kuliko leo na fedha chache kuliko leo. Miaka zaidi ya 50 baadaye, ujumbe mwingi wa afya unaandikwa kwanza kwa Kiingereza ili mfadhili aupitishe, kisha unatafsiriwa haraka na mtu aliyetafutwa wiki ya mwisho.

Kuhusu programu za kompyuta zinazotafsiri, nitasema kwa ufupi. Zitasaidia, na zinazidi kuwa bora. Ila zinajifunza kutokana na maandishi, na maneno ya mgonjwa niliyoyataja hayajaandikwa kwa wingi popote. Bila watu wa kuyakusanya na kuyafafanua, programu hizo zitaendelea kutafsiri Kiswahili cha vitabuni. Na mgonjwa anayepewa habari ya saratani anastahili kuipata kutoka kwa binadamu anayewajibika kwa alichokisema.

Somo ninalolipendekeza lisiwe la ziada linalofundishwa Ijumaa mchana kwa hiari. Litakuwa na anatomia ya Kiswahili, kuanzia kongosho hadi kondo la nyuma, kwa sababu muuguzi asiyejua kulitaja kongosho hawezi kueleza kisukari. Litakuwa na mkusanyo wa majina ya magonjwa kama wananchi wanavyoyatumia katika eneo la chuo, ukisasishwa na wanafunzi wenyewe wanapokwenda mazoezini vijijini; katika miaka michache vyuo vya Bugando, Muhimbili na KCMC vingekuwa na hazina isiyopatikana kwingine duniani. Sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iwe ya mazungumzo: kuhoji, kueleza dozi kisha kumwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake, kutoa habari mbaya, na kuomba ridhaa. Ridhaa inahitaji uzito wa pekee. Watafiti waliochunguza jambo hili Kilifi katika pwani ya Kenya waliona kwamba wazazi wengi waliokubali watoto wao waingizwe katika utafiti hawakutofautisha utafiti na matibabu ya kawaida. Waliona wahudumu hodari na dawa nzuri, wakatia saini. Saini ilikuwepo bila ridhaa kamili. Mtu akifundishwa kueleza kwamba hapa tunajaribu, na una haki ya kukataa bila kunyimwa tiba, kwa Kiswahili kinachoingia akilini, anakuwa amelinda sheria na utu kwa pamoja.

Upande wa pili wa somo hili uende kwa wanafunzi wa Kiswahili. Kila mwaka vyuo vikuu vinahitimisha vijana wenye shahada za lugha ambao njia yao inayojulikana ni ualimu, na nafasi za ualimu hazitoshi. Mafunzo ya ukalimani yaliyopo yanaelekea zaidi kwenye kumbi za mikutano, ambako kazi ni chache na zinagombewa. Hospitali, viwanda vya dawa, vyombo vya habari, miradi ya utafiti na hospitali za ng'ambo zinahitaji watu wanaoijua lugha na kuijua tiba kiasi cha kutosha: wa kuandika karatasi inayokaa ndani ya boksi la dawa, wa kufasiri kati ya daktari mgeni na mgonjwa, wa kuhariri habari za afya gazetini. Madaktari wa China wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, na Kenya ilipokea madaktari 100 wa Cuba mwaka 2018. Muuguzi anapoacha sindano zake ili kumfasiria daktari mgeni, hospitali imepoteza muuguzi na haijapata mkalimani. Vitivo vya tiba na vya Kiswahili vikikaa meza moja, vinaweza kutoa stashahada ya pamoja bila kujenga jengo jipya hata moja.

Mabaraza yanayowasajili madaktari na wauguzi, Tanzania na Kenya, yana mamlaka ya kusema kwamba hatasajiliwa mtu ambaye hajafaulu mtihani wa kuzungumza na mgonjwa kwa lugha ya mgonjwa. Yakilisema hilo, vyuo vitalifundisha ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu vyuo hufundisha kinachotahiniwa. Saa 100 za mafunzo ni chini ya wiki tatu za kazi. Wakuu wa vyuo vya afya, zitengeni katika ratiba ya mwaka ujao wa masomo.